Farasi 200 Bila Akili: Ukweli Kuhusu Zile SSV Unazoona Zikiruka Mchanga

Wacha tuanze na hii ndio tusipotezeane bando. Kila mtu mtandaoni anayekuonyesha SSV anaanza na namba moja tu, nguvu za farasi. "Wasee, hii kitu iko na farasi 200!" Halafu muziki unapanda, gari linaruka juu ya mchanga, drone inazunguka, mwisho wa video. Umejua nini? Hakuna. Hiyo namba ndiyo kitu cha mwisho unafaa kuangalia kwa mashine ya aina hii, na leo nitaeleza kwa nini, kwa sababu naona venye mnanitumia hizi video mkiuliza "bro, hii si ndio maisha?"

Kwa wale hawajui tunaongea nini: SSV ni gari dogo la wazi, halina vioo wala paa la bati. Lina fremu ya vyuma, na viti viwili au vinne vinavyokaa bega kwa bega, ndio maana Waamerika wakaliita hivyo. Si kwodi. Kwodi unaikalia kama nduthi na unashika hendo. Hii unaingia ndani, unafunga mkanda, unashika usukani, unakanyaga pedeli. Zilianza kama vyombo vya shamba, vya kubebea nyasi na kurekebisha ua. Halafu mwaka 2007 Polaris wa Minnesota wakatoa RZR ya kwanza, injini ya 800cc, na ghafla shamba likasahaulika. Sahii mashindano ni nani atamzidi nani. Can-Am wa Canada walitoa Maverick X3 ikiwa na farasi 154, wakaipandisha hadi 172, 195, mpaka 200. Polaris wakajibu na RZR Pro R ya farasi 225. Can-Am wakarudi mwaka 2023 na Maverick R ya farasi 240. Ni kama mathree za Rongai na Umoinner kushindana kwa spika, tofauti tu hapa spika inaweza kukuvunja shingo.

Nimeendesha X3 ya farasi 200. Si hapa nyumbani, ni Al Badayer kule Sharjah, ule mchanga mwekundu ulio kando ya barabara ya kutoka Dubai kwenda Hatta. Binamu yangu anafanya kazi ya kuongoza watalii kwa kampuni moja ya kukodisha hizi mashine, na hiyo ndio njia pekee mtu kama mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo (mathee bado hajanisamehe, tuendelee), angekaa kwa kiti cha gari la bei hiyo. Nikalipa dirham 500 kwa saa moja, bei ya undugu. Hiyo ni kama shilingi 17,500 pesa zetu. Mtalii wa kawaida analipa zaidi.

Sasa tuweke hizo farasi kwa mizani ndio uelewe. Probox ya 1500cc iko na farasi kama 109 na uzito wa zaidi ya tani moja. X3 kavu, bila mafuta na bila wewe, ni kama kilo 750. Yaani karibu mara mbili ya nguvu ya Probox kwa gari jepesi kuliko Probox. Na nyinyi vijana wa Subaru msicheke: WRX STI ya Japani iko na farasi 280 lakini inabeba karibu tani moja na nusu. Ukigawa nguvu kwa uzito, X3 inaipita STI mbali sana. Kwa gari lisilo na milango ya maana. Kwa mchanga.

Kwa hivyo ndio, ina nguvu. Injini ni ya Rotax, 900cc, silinda 3, na turbo. Ukikanyaga kuna kipindi kifupi cha kimya, kama mtu anavuta pumzi, halafu turbo inaamka na kichwa chako kinarudi nyuma. Siwezi kukudanganya, nilipiga nduru. Lakini hiyo dakika mbili za kwanza ndio kila video inakuonyesha, na mimi nilikuwa na dakika 58 zingine.

Kile kilichonishangaza ni saspensheni. X3 ya mchanga, ile toleo pana, ina upana wa karibu mita 1.83, na magurudumu ya nyuma yanaweza kupanda na kushuka kufikia inchi 24. Inchi 24 ni sentimita 61. Chukua rula yako ya darasa la nne, weka mbili, gurudumu linatembea umbali huo wote kabla chuma kugonga chuma. Gari la kawaida la Nairobi likishuka bampu la inchi 6 kwa mbio, uti wa mgongo unapata ujumbe. Hii inapita mashimo ya kimo cha goti na wewe umekaa tu, unajiskia uko kwa sofa. Shoki za FOX zinafanya kazi kama mfanyakazi asiyelalamika.

Na hapo ndipo shida iko. Skiza vizuri kwa sababu hii ndio hoja yangu yote.

Gari baya hukuambia ukweli mapema. Ukienda na Maruti kwa barabara ya mawe ukifika kilomita 40 kwa saa, kila kitu kinatetemeka, meno yanagongana, unapunguza mwendo bila kuambiwa. Mwili wako unajua umefika mwisho. SSV ya mbio inafanya kinyume. Kwa kilomita 40 unahisi 15. Kwa 80 unahisi 35. Inameza kila kitu kimya kimya, inakuambia "uko sawa, ongeza," mpaka unakutana na kitu kimoja ambacho inchi 24 haziwezi kumeza, kama ukingo wa mchanga uliokatika upande wa pili. Na wakati huo hauko kwa kilomita 40. Uko kwa mwendo ambao kosa halina marekebisho. Saspensheni nzuri haikuondolei hatari, inaiahirisha tu, kama Fuliza. Deni liko palepale na linakua.

Binamu aliniambia kitu kabla hata hajanipa funguo. Anasema watu wanaoanguka si wale waoga. Waoga wanakwama kwa mchanga, wanavutwa, wanaenda nyumbani. Wanaoanguka ni wale wa dakika ya 25, wakati mtu ameshazoea, ameona inabeba kila kitu, ameanza kuamini ni yeye dereva mzuri. Anasema akiona mteja ametoa mkono mmoja kwa usukani, anasimamisha msafara wote. Na akikosa kusimamisha na mteja akaharibu mashine, swali la kwanza la bosi si "mteja yuko sawa?" Ni "wewe ulikuwa wapi?" Huyo ni Mkenya wa miaka 26, analipwa kwa mwezi pesa ambayo mtalii anamaliza kwa asubuhi mbili. Hio pia ni sehemu ya riviu, hata kama hakuna chaneli itakuonyesha.

Kwa hivyo ukitaka kupima mashine hii, pima inakufanyia nini ukishakosea, wachana na kasi yake. Fremu ya vyuma imechomelewa vizuri ama ni mapambo? Mkanda ni wa pointi 4 unaoshika mabega yote mawili, ama ni ule wa gari la kawaida? Kuna mlango au neti ya kuzuia mkono usitoke nje? Hii ya mkono watu hawaichukulii serious. Gari likianza kulala upande, akili yako ya asili inakuambia nyoosha mkono ushike chini. Halafu gari la kilo mia saba linalalia huo mkono. X3 niliyoendesha ilikuwa na mkanda wa pointi 4 na milango midogo. Nikafungwa mpaka kupumua kukawa kazi, na nikaridhika.

Kuna historia hapa ambayo ingefaa kuandikwa kwa kila brosha. Yamaha walikuwa na gari linaitwa Rhino, lilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Halikuwa la mbio hata kidogo, lilikuwa chombo cha shamba na uwindaji. Machi 2009, CPSC, ile taasisi ya Marekani ya usalama wa bidhaa, ikatangaza mpango wa kuyarekebisha bure baada ya kuchunguza visa vingi vikiwemo vifo 46 vya madereva na abiria. Wengi hawakuwa wamefunga mkanda. Na sikia hii: baadhi ya ajali hizo zilionekana kutokea gari likikata kona kwa mwendo mdogo, kwenye ardhi tambarare. Sio kuruka mchanga, ni kona tu. Marekebisho yenyewe yalikuwa kuongeza upana wa magurudumu ya nyuma kwa vipande vya kusukuma tairi nje, na kutoa kile chuma cha nyuma cha kuzuia gari kulala. Yaani tofauti kati ya gari linalokurudisha nyumbani na lisilokurudisha ilikuwa upana wa vidole vichache. Hakuna farasi hata mmoja kwa hiyo hesabu.

Halafu kuna moto. Aprili 2016 Polaris waliita nyuma RZR kama 133,000 za miaka ya 2013 hadi 2016, kwa sababu zilikuwa zinashika moto. Ripoti zilikuwa zaidi ya 160, na msichana wa miaka 15 aliyekuwa abiria alifariki baada ya gari kupinduka na kuwaka. Miaka miwili baadaye kampuni ikakubali kulipa faini ya dola milioni 27.25 kwa kutoripoti mapema. Haya si maneno ya mtaani, yako kwa rekodi za serikali yao. Fikiria tu venye mashine imepangwa: injini iko nyuma ya mgongo wako, moshi wake moto sana, mwili wa gari ni plastiki, tangi la mafuta liko karibu. Kampuni zimebadilisha mengi tangu hapo, na mimi sisemi RZR ya leo itakuchoma. Nasema mtu akikuuzia gari la aina hii bila kutaja kizimamoto kiko wapi, huyo anakuuzia picha.

Hapa nitasema jambo kwa nusu sauti. Kuna watu wa mauzo walinitafuta mwaka jana, siwataji, wakitaka nifanye video ya mashine za kukodisha. Pesa ilikuwa nzuri, kodi ya miezi mitatu. Nikawaandikia maneno, nikaweka sentensi mbili kuhusu moto na mkono kutoka nje. Wakarudisha wakiwa wamefuta hizo sentensi na kuweka neno "adrenalini" mara nne. Nikakataa. Sijisifu, nilikula githeri wiki mbili. Lakini ndio mjue kwa nini kila riviu inafanana. Si ati wale wenzangu hawajui. Wengi wanajua. Sentensi zao zilifutwa.

Turudi kwa mashine. Kitu cha pili cha kuangalia, baada ya usalama, ni nguvu inafikaje kwa magurudumu. X3 inatumia mkanda wa mpira. Si mkanda wa kiti, huu ni mkanda wa gia. Vitz na Note nyingi za CVT hapa Nairobi zinatumia mkanda wa chuma unaoogelea ndani ya oili. Hii ni mpira mkavu, unazunguka kati ya puli mbili kama kwa skuta, na unatakiwa kubeba farasi 200. Ukipanda mchanga taratibu na gia ya juu, mpira unateleza, unapata joto, na joto likizidi unakatika. Unaskia mlio, halafu harufu ya mpira uliochomeka, halafu kimya. Uko katikati ya jangwa na turbo yako na hakuna kitu kinazunguka.

Habari njema ni kwamba ukiwa na mkanda wa akiba na spana, unaubadilisha mwenyewe palepale. Binamu anafanya hivyo kwa muda wa mtu kunywa chai, mikono ikiwa imezoea joto la pale ndani. Habari mbaya ni bei ya mikanda, na kwamba mtu anayekodisha na kukanyaga ovyo anaweza kumaliza mmoja kwa siku. Ndio maana msafara mwingi unakuambia utumie gia ya chini ukipanda polepole. Usipoambiwa hivyo, ujue mwenye gari hajali gari, na kama hajali gari lake la mamilioni, wewe atakujali?

Ndio sababu mimi nikisoma kuhusu Maverick R, ile namba ya 240 inanipita tu. Jambo kubwa pale ni kwamba wameutupa mkanda. Wameweka gia 7 zenye klachi mbili, kama magari ya barabarani ya bei ghali. Hawakuwa wa kwanza kuukimbia mpira: Yamaha YXZ1000R ilikuja na gia za kubadilisha mwenyewe, 5, na Honda Talon ya 2019 ikaja na klachi mbili. Lakini kuiweka kwa nguvu ya kiwango hicho ni kazi. Faida ni kwamba nguvu inafika moja kwa moja, hakuna mpira wa kuteleza. Hasara ni moja na ni ya maana sana kwa mtu wa huku kwetu: mkanda ukikatika unaubadilisha kwa mkono, lakini boksi ya klachi mbili ikikataa kule Chalbi, utaangalia jua likizama ukiwa umekaa kwa gari la mamilioni, ukisubiri trela.

Pro R ya Polaris nimepanda kama abiria tu, siku hiyohiyo. Wao walienda njia ya tatu: hakuna turbo, injini kubwa ya lita 2.0 silinda 4, na mkanda bado upo. Hakuna ile pumzi ya turbo. Mguu ukienda chini, gari linaenda, papo hapo. Kwa maoni yangu hiyo ni salama zaidi kwa mtu asiyezoea, hata kama farasi ni wengi kuliko X3, kwa sababu nguvu inayokuja wakati unaitarajia haikushtui. Turbo inayochelewa inakufundisha kukanyaga zaidi, halafu inakupa kila kitu kwa mpigo katikati ya kona. Mtu anaweza kunibishia hapa na sitakasirika. Madereva wa Dakar wamebeba kombe kwa zote mbili.

Na nikitaja Dakar, lazima nitaje Eryk Goczał. Mwaka 2023, kule Saudia, huyu kijana wa Poland wa miaka 18 alishinda kundi la SSV akiwa na Can-Am. Miaka 18! Alichukua uongozi siku ya mwisho kabisa, kutoka kwa Rokas Baciuška wa Lithuania. Kila chaneli ikapiga kelele, "ndoto hazina umri!" Tulieni. Baba yake, Marek, alikuwa kwa mbio hizohizo na akamaliza wa 3. Ami yake pia alikuwa anakimbia. Familia yao inamiliki bustani kubwa ya michezo kule Poland, Energylandia. Kijana ana kipaji, hilo siwezi kumnyima, umbali ule kwa mchanga ule hakuna pesa inakushikia usukani. Lakini alikuwa na navigeta mwenye uzoefu, Oriol Mena wa Uhispania, mekanika wa kulala chini ya gari usiku kucha, na saa nyingi za mazoezi kabla hata hajapata leseni yenu ya NTSA mnayosubiri. Mtu akikuonyesha Eryk kuthibitisha kuwa kijana yeyote anaweza kupewa funguo za hii mashine, anakuficha nusu ya hadithi.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu najua swali liko wapi. "Bro, nikiomoka, ninunue?"

Hizi mashine za mbio zinaanzia zaidi ya dola 30,000 huko Marekani kwa zile za juu. Hiyo ni karibu shilingi milioni 4 kabla meli haijaondoka. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya 16%, na mengine ambayo serikali yetu haikosi. Kabla hata haijafika Mombasa, ni bei ya kama nduthi 20 mpya. Halafu ikifika, usukani uko kushoto, haina vioo, haina mahali pa kuendeshwa kihalali pale mtaani kwenu. Hautaenda nayo Java. Unahitaji pikapu na trela ya kuibeba mpaka mahali pa kuchezea. Mkanda ukikatika unaagiza kutoka nje. Vumbi letu laini, ile feshfesh ya Kedong inayosumbua hata magari ya WRC kwenye Safari Rally pale Naivasha, inaingia kwa filta ya hewa kama imealikwa. Na huduma zake zinahesabiwa kwa saa za injini, si kilomita tu, kwa hivyo hata ukizunguka uwanjani siku nzima unakula maisha yake.

Na kuna jambo lingine. Ardhi yetu haihitaji hiyo kasi. Angalia Rhino Charge, mashindano makubwa ya porini tuliyo nayo tangu 1989, yaliyosaidia kujenga ua wa Aberdare. Unapewa vituo 13 na saa 10, na anayeshinda ni aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi zaidi, si kwa kasi zaidi. Mtu anashuka, anatembea kwa miguu mbele ya gari, anatafuta njia kati ya mawe na miiba. Hiyo ndio nchi yetu, mawe, makorongo, udongo mweusi ukinyesha. SSV ya inchi 24 ilitengenezewa matuta ya Glamis kule California na jangwa lisilo na mwisho. Kwetu mahali panapofanana na hapo ni pachache: Chalbi, vipande vya Magadi, mchanga wa Mambrui. Ukiwa na pesa na unapenda pori, Maruti ya zamani ya 1300cc itakufikisha mahali pengi zaidi, fundi yeyote Kirinyaga Road anaijua kwa macho amefunga, na siku ya Jumatatu unaenda nayo kazini.

Kwa hivyo kununua, jibu langu ni hapana. Kwa mtu mmoja kati ya elfu aliye na shamba Naivasha na trela tayari, sawa, na hata huyo ningemwambia achukue Pro R aache turbo.

Kukodisha ndio mazungumzo ya kweli, kwa sababu hapo ndipo nyinyi mtakutana nazo. Baji za mchanga na kwodi zimejaa Pwani na Naivasha, kila wikendi kuna mbogi iko huko. Rafiki yangu mmoja alivunjika mfupa wa bega Desemba iliyopita, mahali fulani Pwani. Mashine haikuwa hata ya farasi 200, ilikuwa kitu kidogo cha kawaida. Maelezo aliyopewa: "hapa ni mafuta, hapa ni breki, enjoy." Helmeti ilikuwa moja kwa watu wawili, mkanda umekatika na kufungwa fundo. Kwanza walimtia sahihi karatasi, na baada ya ajali karatasi ndiyo ilikuwa ya kwanza kutolewa. Fikiria hao watu wakileta X3, na watazileta, kwa sababu nyinyi mnazitaka kwa video.

Can-Am na Polaris wenyewe wanaandika kwamba dereva wa hizi za mbio awe na miaka 16 kwenda juu na leseni halali. Marekani kuna hadi kozi ya ROHVA ya kufundisha watu kabla hawajawasha. Hapa kwetu anayekodisha anaangalia kama M-Pesa imeingia. Mimi ningependa kuona kaunti zinazokusanya ada za utalii ziulize maswali mawili tu kabla ya kutoa kibali: helmeti ziko ngapi, na nani anaongoza msafara. Hii haihitaji bunge.

Kabla hiyo siku ifike, ni wewe na macho yako. Ukifika mahali, usiangalie rangi ya gari. Vuta mkanda kwa nguvu, uone kama unashika. Kama kuna mchanga, angalia kama kila gari lina bendera ndefu juu ya mlingoti, kwa sababu hiyo ndiyo inamfanya mtu wa upande wa pili wa tuta akuone kabla ya kukutua kichwani. Uliza atakayekuongoza yuko mbele au amelala ofisini. Muulize ukipanda tuta usiloona ng'ambo yake unafanya nini. Jibu sahihi ni kwamba unapunguza mwendo ukifika kileleni, unaangalia, ndio unashuka. Akikuambia "kanyaga tu", rudisha helmeti. Gari likianza kulala, mikono ibaki kwa usukani, na abiria ashike chuma kilicho ndani, asishike fremu ya nje. Na hiyo dakika ya 25, ukianza kuhisi umeiva, simama unywe maji.

Wale wanaoenda Dubai na wananiuliza ya huko: nendeni kati ya Novemba na Machi, asubuhi mapema, kabla joto halijapanda na mchanga haujalegea. Bebeni skafu ya kufunga mdomo na miwani iliyofungwa pande zote, ile ya kwodi, si ile ya kupigia picha. Na mkipata muongozaji Mkenya, mpeni kitu mkononi mkimaliza, bosi wake hatajua.